Njia Panda ya Uyole: Amri, Hiari na Magonjwa katika Nyanda za Juu Kusini

Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam yakifika Uyole hugawanyika. Yanayokwenda Zambia na Kongo hunyoosha kupita Mbeya mjini hadi Tunduma. Yanayokwenda Malawi hukata kushoto, yakapanda milima ya Uporoto, yakapita Tukuyu na kushukia Kyela hadi mpaka wa Kasumulu. Mwaka 2020, corona ilipoingia, dereva aliyesimama hapo kununua viazi alikuwa na serikali tatu mbele yake, na kila moja ilikuwa na jibu lake.

Malawi ilitangaza kuwafungia watu ndani kuanzia Aprili 18. Siku moja kabla, Mahakama Kuu ikaizuia amri hiyo baada ya watetezi wa haki za binadamu kufungua shauri. Hoja yao kubwa ilikuwa ya tumbo: serikali haikueleza maskini wangekula nini kwa siku 21. Zambia nayo, Mei 10, kupitia kwa Rais Edgar Lungu, ilitangaza kuufunga mji wa Nakonde unaotazamana na Tunduma, baada ya wagonjwa wapya 85 kutangazwa, 76 kati yao wakiwa wa mji huo mmoja. Mpaka ulipofungwa, magari ya mizigo yalikwama. Tanzania ilikuwa imefunga shule na vyuo tangu Machi na kusimamisha michezo na mikutano, lakini Rais John Magufuli alikataa katakata kufunga nyumba za ibada, masoko na barabara.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama mvutano wa uhuru na afya. Kwa mikoa ya Mbeya na Iringa nadhani masimulizi hayo ni mafupi mno. Mikoa hii imepitia magonjwa makubwa kwa zaidi ya miaka mia, na kila mara maswali mawili yamerudi: nani anabeba gharama ya amri, na je, anayeamriwa ameambiwa ukweli?

Tuanze na mwaka 1918, mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mji wa Mbeya haukuwapo. Ulianzishwa 1927, siku za dhahabu ya Lupa. Makao ya utawala yalikuwa Tukuyu, ambako Wajerumani walikuita Neu Langenburg, na majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Northey yalikuwa yameuteka mji huo Mei 1916. Tangu hapo kila jeshi lililopita lilichukua wanaume wa kubeba mizigo, likachukua nafaka, likachukua ng'ombe. Homa kali ya mafua iliyoizunguka dunia ilipofika, askari wa kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, walikuwa wakipita Njombe kuelekea Rhodesia ya Kaskazini, na wapagazi walikuwa wakirudi makwao wakiwa wamechoka na njaa. Makadirio ya wanahistoria kwa Tanganyika nzima yanataja vifo kati ya 50,000 na 80,000. Rungwe ugonjwa ulifuatwa na njaa, kwa kuwa waliopaswa kulima walikuwa wamelala na maghala yalikuwa yamekwisha kombwa.

Ni vigumu kuzungumzia uhuru wa kutembea katika mazingira hayo. Watu walilazimishwa kutembea, wakiwa na mzigo kichwani, na homa ikasafiri nao.

Miaka michache baadaye serikali iligeuka na kuamuru kinyume: sasa watu wakae mahali pamoja. Ugonjwa ulikuwa malale. Uganda ilikuwa imetangulia. Kuanzia 1906 Gavana Hesketh Bell alizihamisha jamii zilizokaa ufukweni mwa Ziwa Victoria na baadaye za visiwani. Wakati huohuo Robert Koch alikuwa Visiwa vya Ssese akiwatibu wagonjwa kwa dawa ya atoksili, dawa ambayo iliwapofusha baadhi yao. Aina ya pili ya vimelea vya malale, ile kali, ilielezwa na wataalamu mwaka 1910 kutokana na mgonjwa aliyeambukizwa katika bonde la Luangwa, kusini-magharibi mwa Mbeya, ng'ambo ya mpaka. Waingereza walipoitawala Tanganyika walichukua mbinu ya kuwakusanya watu. Kuanzia miaka ya 1920, chini ya daktari wa malale George Maclean, familia zilizotawanyika porini huko Kigoma, Tabora na Ufipa, na baadaye Liwale, ziliamriwa kuhamia katika makazi ya pamoja.

Kitabibu mpango ulikuwa na mantiki. Mbung'o, anayeeneza malale, hutaka kichaka, na watu wengi wakilima mahali pamoja kichaka hufyekwa. Lakini waliohama waliacha mashamba, mizinga ya nyuki na makaburi. Mahame yao yalimezwa na pori na tembo, na sehemu ya ardhi ya Liwale iliingizwa ndani ya pori la akiba la Selous. Operesheni Vijiji ilipokuja kati ya 1973 na 1976, amri ya kuhama kwa faida yako mwenyewe haikuwa ngeni nchini.

Kisha ukaja UKIMWI, na hapa ndipo Nyanda za Juu Kusini zina la kufundisha. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, lakini barabara ya lami ya kwenda Zambia, iliyokamilika miaka ya 1970, iliuleta ugonjwa kusini upesi. Utafiti wa kitaifa wa 2003/04 ulionyesha maambukizi ya zaidi ya asilimia 13 kwa watu wazima wa Mbeya na wa Iringa, na ule wa 2007/08 ukaipandisha Iringa, ambayo wakati huo ilijumuisha Njombe, hadi karibu asilimia 16. Miongoni mwa wanawake 600 waliokuwa wakifanya kazi katika baa za miji ya kando ya barabara kuu mkoani Mbeya, waliofanyiwa utafiti kuanzia mwaka 2000, asilimia 68 walikuwa na VVU.

Kwa takwimu kama hizo serikali yoyote ingeshawishika kutumia nguvu. Zilikuwapo sauti nyingi zilizotaka upimaji wa lazima, wa wachumba kabla ya ndoa na wa waajiriwa. Nchi ilichagua njia ndefu. Rais Benjamin Mkapa alitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa mwishoni mwa 1999. Julai 14, 2007 Rais Jakaya Kikwete na mkewe Salma walipimwa hadharani kuzindua kampeni ya upimaji wa hiari. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya 2008 ikaweka mizani kwenye maandishi: hulazimishwi kupima isipokuwa katika mambo machache kama amri ya mahakama, na majibu yako ni siri. Lakini ukishajua una maambukizi unapaswa kumwambia mwenzi wako mara moja, na ukimwambukiza mtu kwa makusudi ni jinai.

Kipengele hicho cha mwisho nina shaka nacho. Humbana zaidi anayepima, na kliniki ya wajawazito huwafanya wanawake wapime mapema kuliko waume zao. Hata hivyo njia ya hiari ilizaa matunda pale ambapo wengi hawakutarajia. Mkoani Iringa, ambako jamii nyingi hazikuwa na mila ya tohara, kampeni moja ya mwaka 2010 iliwatahiri wanaume na vijana zaidi ya 10,000 katika wiki sita. Hakuna mgambo aliyepita nyumba kwa nyumba. Walielezwa, wakapewa huduma bure, wakajipanga foleni.

Turudi 2020 tukiwa na hayo mkononi. Namtetea Magufuli kwa jambo moja: mama lishe wa Uyole na bodaboda wa Tunduma hula leo walichokipata leo, na kuwafungia ndani bila chakula kungerudia kosa la zamani la kumtwisha maskini gharama yote. Mahakama ya Malawi iliona hivyohivyo. Lakini kulikuwa na uhuru mwingine uliofungwa. Takwimu za Tanzania zilikomea mwanzoni mwa Mei 2020, wagonjwa 509 na vifo 21, zisiongezwe tena kwa zaidi ya mwaka. Watu walibaki na ndoo za maji tiririka, nyungu na tetesi. Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki liliwataka waumini wachukue tahadhari wakati serikali ikisisitiza kwamba nchi ilikuwa salama. Mtu ameachiwa barabara wazi lakini hajui mbele kuna nini. Hiari ya namna hiyo ni nusu hiari.

Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu Aprili 2021, na Julai 28 akachanjwa mbele ya kamera. Chanjo ilibaki ya hiari, kama upimaji wa VVU. Tabia ya kuficha, hata hivyo, haikuisha. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani liliposema kuna dalili za ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera, Wizara ya Afya ilikanusha. Siku chache baadaye, Januari 20, Rais mwenyewe alithibitisha.

Katiba yetu haina upungufu mkubwa hapa. Ibara ya 17 inalinda uhuru wa kwenda utakako, ibara ya 30 inaruhusu sheria kuupunguza kwa ajili ya afya ya jamii, na ibara ya 18 inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha yake. Hii ya tatu ndiyo inayosahaulika. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inampa ofisa uwezo wa kumweka mtu karantini. Wabunge wa Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe, ambao wapiga kura wao wanaishi kando ya barabara hii, wadai sheria hiyo imlazimishe pia mwenye kutoa amri kutangaza idadi ya wagonjwa, siku ya mwisho ya amri, na fungu la chakula cha waliozuiwa.