Jeni ya Ishirini

Oktoba 6, 2025, Stockholm ilipomtaja Shimon Sakaguchi wa Japani pamoja na Wamarekani Mary Brunkow na Fred Ramsdell kuwa washindi wa Nobel ya tiba, habari iliyovuma ni ya Ramsdell: alikuwa matembezini milimani, hapatikani kwa simu. Kisa kinachekesha, lakini kimefunika aibu ambayo nusura iizike kazi waliyotuzwa.

Miaka ya 1970, Richard Gershon wa Chuo Kikuu cha Yale alishikilia kwamba miongoni mwa seli T, askari wa kinga ya mwili, wamo wanaowatuliza wenzao. Watafiti wakaingia kwa kishindo. Waliipa molekuli ya utulizaji jina, I-J, wakaeleza hadi jeni yake ilipokaa katika DNA ya panya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 eneo hilo likachunguzwa kwa undani. I-J haikuwamo! Fani nzima ikaporomoka, na aliyeendelea kuzungumzia seli tulizi akawa wa kuonewa huruma.

Sakaguchi aling'ang'ania. Wajapani waliomtangulia walikuwa wameonyesha kuwa panya akiondolewa tezi ya thaimasi siku tatu baada ya kuzaliwa, kinga yake humgeuka. Yeye akaonyesha kuwa seli T za panya mzima humkinga, na mwaka 1995 akazitambua kwa alama ya CD25. Wengi bado walitia shaka.

Jawabu lilikuwa kwa panya wa Oak Ridge, Tennessee. Tangu miaka ya 1940, baadhi ya madume wa ukoo mmoja walizaliwa wakatoka magamba, wengu ukavimba, wakafa baada ya wiki chache: kinga yao pia iliwageuka. Ukoo huo ulitunzwa nusu karne; leo sijui ni mfadhili gani angevumilia bili hiyo. Brunkow na Ramsdell, katika kampuni moja ya dawa jimboni Washington, wakisaka chanzo cha maradhi hayo, walibaki na jeni 20 za kukagua. Ya ishirini ndiyo ilikuwa na hitilafu. Mwaka 2001 wakaiita Foxp3.

Protini yake hushika DNA na kuamua jeni ipi isomwe, ipi inyamaze: huzima interleukini-2, protini inayozikuza seli T, na huchochea CD25. Mwaka 2003, timu ya Sakaguchi iliiingiza katika seli T za kawaida, zikawa tulizi.

Mwaka huohuo mtafiti Alexander Rudensky, akiwa Seattle, alifikia jibu hilohilo. Mwaka 2017 aligawana Tuzo ya Crafoord na Sakaguchi na Ramsdell. Nobel haizidi watu watatu, naye akaachwa nje.