Himaa: Haki ya Mnyonge na ya Ndege

Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu msomaji, Imam Shafi'i amesimulia kuwa katika zama za Jahiliya mkubwa wa kabila, akifika penye malisho mazuri, alikuwa akimbwekesha mbwa wake juu ya kilima. Sauti ilipoishia ndipo ulipokuwa mpaka wake, na wengine wasichunge humo. Hiyo ndiyo himaa. Mtume (S.A.W.) akaifuta, ikabaki ile tu inayohifadhiwa kwa ajili ya Allah na maslahi ya Waislamu. Yeye mwenyewe alihifadhi Naqi', na akaifanya Madina kuwa haram: miti yake isikatwe, wala mawindo yake yasishtuliwe.

Sayyidna Umar (R.A.) alimwagiza Hunayy, msimamizi wa himaa, awaruhusu wenye ngamia na kondoo wachache, na awazuie mifugo ya Ibn Auf na Ibn Affan. Matajiri hao, mifugo yao ikifa, wanayo mitende na mashamba; maskini hana pa kurejea.

Na ndege je? Yeye hatoki jasho. Hujipoza kwa kuhema, na kila pumzi humpunguzia maji. Joto likizidi na mvua ikipungua, hufa au huhama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa katika jangwa la Mojave, Marekani, kila eneo lilipoteza kwa wastani asilimia 43 ya aina za ndege katika muda wa karne moja. Nasi twajua, kwa Hadithi ya Anas (R.A.) katika Sahihi mbili, kuwa anachokula ndege katika mti wa Muislamu ni sadaka yake.

Atauliza muulizaji: maji yatoke wapi? Mwaka 1978 Baraza la Maulamaa Wakuu la Saudi Arabia lilitoa uamuzi kuwa maji machafu yakisafishwa hata isibaki ladha, rangi wala harufu ya najisi, ni tohara. Leo katika Wadi Hanifa, Riyadh, maji ya mji husafishwa na kutumika tena. Bonde lililokuwa jalala limekuwa bustani, na mradi huo ulipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu mwaka 2010.

Basi wanaopanga mitaa ya miji ya jangwani watenge mahali pa mikunazi na migunga, pawe na kivuli na maji ya kina kifupi. Na waanze, kama alivyoanza Umar, na mtaa wa wasio na bustani zao.

Wallahu A'lam.