Lugha ya Kati: Safari ya Picha kutoka Kompyuta hadi Karatasi

Wanaosimulia historia ya uchapishaji kwa kompyuta hupenda kuanza na mashine. Hutaja LaserJet ya Hewlett-Packard ya mwaka 1984 na LaserWriter ya Apple ya mwaka 1985, kisha husifu makali ya maandishi yake. Katika insha hii nadai kwamba kwa upande wa picha, kazi kubwa ilifanywa na kitu duni zaidi: umbizo la kati ambalo halikuwa la kampuni yoyote.

Tuanze na tatizo. Picha ndani ya kompyuta ni safu za vitone, na kila kampuni ilikuwa na namna yake ya kuvihifadhi. Printa nazo zilitofautiana. LaserWriter ilifahamu PostScript, lugha ya Adobe, kampuni iliyoanzishwa na John Warnock na Charles Geschke mwaka 1982. LaserJet ilikuwa na lugha yake, na printa za Epson zilikuwa na yao. Tuseme yapo maumbizo 10 ya picha na aina 8 za printa. Ukiandika programu ya kufasiri kila umbizo moja kwa moja kwa kila printa, utahitaji programu 80.

Katika miaka ya 1980 Jef Poskanzer, Mmarekani, alibuni umbizo liitwalo PBM. Shabaha yake ya kwanza ilikuwa kutuma picha kwa baruapepe, ambayo wakati huo ilipitisha maandishi matupu tu. Faili la PBM huanza na alama P1, hufuata upana na urefu, kisha tarakimu 0 kwa kitone cheupe na 1 kwa kitone cheusi. Mtu aweza kulisoma kwa macho au kuliandika kwa mkono. Mwaka 1988 alitoa mkusanyiko wa programu ulioitwa Pbmplus, na baadaye, mwaka 1993, wengine wakauendeleza kwa jina la Netpbm. Kila programu ya kufasiri ilifanya kazi moja: kuingiza picha katika lugha ya kati, au kuitoa humo. Zile programu 80 zikawa 18.

Kiungo kilichobaki kilikuwepo tayari. Mwaka 1973, kwa pendekezo la Doug McIlroy, Ken Thompson alitia bomba katika mfumo wa Unix, yaani alama inayopeleka matokeo ya amri moja kwenye amri inayofuata. Kwa hiyo mstari mmoja ulitosha:

giftoppm picha.gif | ppmtopgm | pnmtops | lpr

Ya kwanza huingiza picha katika lugha ya kati. Ya pili huondoa rangi na kuacha weusi, weupe na kijivu. Ya tatu huandika PostScript, ikiipunguza picha itoshee karatasi na kuiweka katikati. Ya nne huipeleka kwa printa.

Pana hoja ya kupinga, nayo ina uzito. Lugha ya kati ina gharama. Katika PBM ya maandishi kitone kimoja, ambacho kingetosha biti moja, huchukua herufi nzima, yaani biti nane. Ndiyo maana ikaongezwa namna ya pili, P4, isiyosomeka kwa macho lakini nyepesi. Hata hivyo, gharama hiyo hulipwa kwa faili kubwa, ilhali gharama ya kukosa lugha ya kati hulipwa kwa kazi ya watu.

Hapa historia hii inanigusa mimi ninayetoka Uganda. Kwetu mara nyingi nimesikia kwamba Kiswahili si lugha ya kabila lolote nchini, kwa hiyo hakina mwenyewe wa kukitetea. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitaja kuwa lugha rasmi ya pili, lakini hoja hiyo haijafa. Picha na printa zinaonyesha upande wake mwingine. Umbizo la Poskanzer lilikubalika kwa sababu halikumpa mshindani yeyote ushindi, na halikumtaka yeyote aache lake. GIF ilibaki GIF, PostScript ikabaki PostScript. Vivyo hivyo Mganda, Mwacholi na Mnyankole hawaombwi kuziacha lugha zao. Wanaombwa kujifunza moja zaidi, badala ya kila mmoja kujifunza za wote.