Dhahabu ya Kilo na Mizani ya Wanunuzi

Kompani ikijenga shule au lopitali, watu huulizana: imejenga kwa moyo mweupe, au kwa kutafuta sifa tu? Tuangalie mambo ya zamani, nayo yatatufundisha namna ya kupima.

Mwaka wa 1903 dhahabu ilionekana karibu na Kilo, katika Ituri yetu, na mwaka wa 1905 Leta ilianza kuichimba. Wasultani waliagizwa kutoa watu kwa nguvu, na vijiji kutoa chakula. Kompani ya Kilo-Moto ilipoundwa mwaka wa 1926, ilijenga kambi, malopitali na mashule. Majengo hayo yalifaa, hatuyadharau. Lakini mnunuzi wa pete kule Ulaya hakuweza kupima lolote: dhahabu ikisha kuyeyushwa haina tena jina wala kijiji.

Chokoleti si hivyo, maana kila pakiti ina jina la mwenye kuitengeneza. Huko Uingereza watu wa Cadbury walisifiwa sana kwa kijiji chao cha Bournville, chenye nyumba nzuri na bustani. Mwaka wa 1901 walisikia habari za utumwa katika mashamba ya São Tomé, walikonunua kakao. Lakini waliacha kununua mwaka wa 1909 tu. Gazeti la Standard lilikuwa limekwisha kuwashutumu kwa unafiki, nao walikuwa wamelishtaki. Raia waliochaguliwa kuamua shauri waliwapa haki, lakini fidia ilikuwa farthing moja, sarafu ndogo kuliko zote za Waingereza. Sisi twaielewa hukumu ile hivi: nyumba za Bournville hazikuweza kufunika miaka minane.

Jambo la namna hiyo likatufikia sisi pia. Mwezi wa Juni 2005 Human Rights Watch ilitangaza kwamba AngloGold Ashanti, iliyotafuta dhahabu kule Mongbwalu, ilikuwa imelipa dola 8000 kwa FNI, kundi la silaha lililoua watu wengi. Kompani ilikiri, ikasema ililazimishwa. Kumbe kanuni zake yenyewe ziliahidi kuheshimu haki za watu! Mwaka ule ule Metalor ya Uswisi, mwenye kusafisha dhahabu, iliacha kununua ile iliyopitia Uganda, njia ya dhahabu ya Ituri. Hapo mnunuzi aliamua.

Basi mizani ni mitatu. Kwanza, wakati: msaada ulikuja mbele ya lawama au nyuma yake? Pili, sheria: tangu mwaka wa 2018 sheria ya machimbo yaagiza kompani kutoa walau 0,3 kwa mia ya mauzo kwa maendeleo ya wenyeji, na kulipa deni si kutoa zawadi. Tatu, kazi yenyewe: mali imepatikana namna gani?

Ndugu mapadri na wakatekista, mara nyingi twaitwa kubariki majengo ya namna hii. Tuyabariki, kwani wagonjwa na watoto wanayahitaji. Lakini hotuba za shukrani tusizitoe mbele ya kuuliza maswali hayo matatu, maana Wakristo wetu wanatusikiliza, nao wanajua njia ambayo dhahabu ilipita.