Mtunzi asiyetajwa wa muziki wa ‘The Twilight Zone’

NI noti nne tu za gitaa la umeme, zinazorudiwarudiwa kwa haraka, lakini zilitosha kumjulisha mtazamaji wa televisheni nchini Marekani kwamba jambo la ajabu lilikuwa karibu kutokea.

Muziki huo ni utambulisho wa The Twilight Zone, mchezo wa hadithi za kubuni za kisayansi na mambo ya kutisha ulioanzishwa na mwandishi Rod Serling. Mchezo huo ulirushwa na CBS kuanzia Oktoba 2, 1959 hadi Juni 1964, ukiwa na sehemu 156, ambapo 92 kati ya hizo ziliandikwa na Serling mwenyewe.

Pamoja na umaarufu wa muziki huo, jina la mtunzi wake halikuonyeshwa katika orodha ya wasanii wa mchezo. Mtunzi huyo ni Marius Constant, Mfaransa aliyezaliwa Bucharest, Romania, mwaka 1925.

Katika msimu wa kwanza utambulisho ulikuwa mwingine. Ulitungwa na Bernard Herrmann, Mmarekani ambaye mwaka 1951 alitumia theremini mbili, ala za umeme zinazopigwa bila kuguswa, katika filamu ya The Day the Earth Stood Still. Muziki wake ulikwenda taratibu, mfano wa mtu aliye ndotoni.

Msimu wa pili ulipoanza mwaka 1960, ulihitajika utambulisho mpya. Lud Gluskin, aliyekuwa mkuu wa muziki wa CBS, alichukua vipande viwili vifupi vya Constant, Étrange No. 3 na Milieu No. 2, akaviunganisha kuwa kimoja.

Vipande hivyo havikutungwa kwa ajili ya mchezo huo. Vilikuwa katika maktaba ya muziki ya CBS, iliyohifadhi kazi fupi zilizorekodiwa nje ya Marekani, ambako malipo ya wanamuziki yalikuwa nafuu. Sehemu ya mchezo isiyokuwa na mtunzi wake ilijazwa muziki kutoka katika hazina hiyo, na kazi moja iliweza kutumika mara nyingi.

Utaratibu huo uliokoa fedha, lakini ulimtenga mtunzi na kazi yake. Mamilioni waliufahamu muziki wa Constant bila kulifahamu jina lake.

Siri ya hofu iliyomo katika muziki huo haimo katika wingi wa ala. Gitaa huzunguka palepale pasipo kufika kikomo, huku ngoma ndogo na ala za kupuliza zikiingia kwa sauti zisizopatana. Sikio husubiri utulivu ambao hauji.

Constant hakuwa mtunzi wa kubahatisha. Alisoma Paris chini ya walimu mashuhuri, akiwemo Olivier Messiaen, na mwaka 1963 alianzisha kundi la Ars Nova lililopiga muziki mpya wa wakati huo. Mwaka 1981 alishirikiana na mwongozaji Peter Brook kuiandaa upya opera ya Carmen.

Alifariki dunia Mei 2004 mjini Paris akiwa na umri wa miaka 79. Katika kazi zote alizoziacha, inayofahamika zaidi duniani ni ile ya nusu dakika, ambayo mtu mwingine ndiye aliyeiunganisha.