Uzi Mfupi wa Banjo

Vijana wetu wengi hudhani kuwa banjo ni mwana wa Marekani, kwa kuwa huko ndiko ilikovuma. La, asili yake ni Afrika. Ni Waafrika waliotiwa utumwani walioiunda kwa kibuyu, ngozi na nyuzi, katika visiwa vya Karibiani; picha ya ala za namna hiyo kutoka Jamaica ilichapishwa London mwaka 1707. Huko Senegal na Gambia, akonting ya Wajola ina uzi mfupi upigwao kwa kidole gumba, kama ulivyo wa banjo.

Katika ulinganishaji uliozoeleka wa nyuzi tano, nyuzi ndefu, kuanzia ule mnene, hutoa so, do, mi, so. Uzi mfupi hutoa do ya juu. Tukilegeza uzi mnene kwa sauti nzima, na kuukaza ule wa mi kwa nusu sauti, do huhama: sasa twasikia do, so, do, re. Uzi mfupi hatukuugusa, lakini jina lake limekuwa so.

Ndivyo ilivyokuwa kwa banjo yenyewe. Katika karne ya 19, Wazungu waliojipaka weusi usoni waliipiga jukwaani kumdhihaki Mwafrika, hata baadhi ya wajukuu wa walioiunda wakaionea haya. Asili ya ala haikubadilika, waliobadilika ni walioizunguka. Basi sisi tufundishao tuirudishie jina la kwao.