Ritifaa na Herufi Isiyopotea: Kuandika Usemi wa Katanga

Mwandishi wa hadithi au tamthilia atakaye mhusika wake aseme kama wasemavyo watu wa Kolwezi hukabiliwa na swali dogo la tahajia lenye historia ndefu. Mhusika asemapo apana badala ya hapana, je, neno hilo litanguliziwe ritifaa, yaani alama ile iliyomo katika ng'ombe, au liandikwe kama lisikikavyo? Makala haya yanadai kwamba alama hiyo si pambo, bali ni hukumu.

Ritifaa ya udondoshaji humwambia msomaji kuwa pana herufi iliyostahili kuwapo. Waandishi wa riwaya za Kiingereza katika karne ya 19, Dickens akiwa mmojawapo, waliitumia kwa wingi kuonyesha matamshi ya makabwela. Katika Kiswahili sanifu alama hiyo ina kazi tofauti kabisa: hutenganisha sauti ya ng' na ile ya ng. Kuipachika mbele ya apana ni kuipa mzigo wa pili, na mzigo wenyewe umebeba dharau.

Hukumu hiyo inatoka wapi? Mwaka 1928, mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Huko Katanga, kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iliwakusanya wafanyakazi wenye lugha mbalimbali: Kiluba, Kibemba, na Kiruund cha watu wa Musumba, makao ya Mwant Yav. Kiswahili kiliwaunganisha kikiwa na sura yake: apa kwa hapa, bantu kwa watu. Mtoto aliyezaliwa kambini hakudondosha h yoyote. Aliipokea apana ikiwa neno kamili.

Ushahidi mkubwa wa maandishi ni historia ya mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, iliyopigwa chapa mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Yav aliandika bila kutazama sheria za tahajia sanifu. Mipaka ya maneno huhamahama na vituo ni vichache. Johannes Fabian, ambaye katika miaka ya 1960 alifanya utafiti Kolwezi, alipoihariri na kuichapisha mwaka 1990, ilibidi Kalundi Mango aisome kwa sauti ndipo sentensi zijitenge. Maana ilirudi kwa sikio la msemaji. Haikurudishwa kwa kurekebisha herufi.

Mwaka huohuo Fabian alitoa kitabu kuhusu kundi la maigizo la Mufwankolo la Lubumbashi, pamoja na mazungumzo ya igizo lililobuniwa mwaka 1986 juu ya methali kuhusu mamlaka. Katika igizo hilo chifu, wazee na wanakijiji wote husema Kiswahili cha Katanga. Laiti kila apana ingewekewa ritifaa, hata chifu angeonekana mtu asiyejua lugha yake mwenyewe.

Tatizo hili si la Kongo peke yake. Mwaka 1947 washairi wa Uskoti walikubaliana mjini Edinburgh kuacha ritifaa zilizokuwa zikiyafanya maneno ya Kiskoti yaonekane kuwa Kiingereza kilichokatika.

Hivyo, anayeandika mazungumzo ya Kolwezi hana budi kuamua mapema na kushika uamuzi wake: apana iwe apana kila mara, ritifaa ibakie kwenye ng', na maneno mageni yafafanuliwe mwishoni mwa kitabu. Vinginevyo, msomaji atafundishwa kumcheka mchimba shaba kabla hajamsikiliza.